Hatari Zisizopiga Hodi: Kupiga Kambi Ufuoni na Watoto

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii. Leo nazungumza na wewe mama, wewe baba, wewe shosho, shangazi au yaya, yeyote yule ambaye mtoto yuko mikononi mwake. Kama una kalamu na karatasi karibu, vichukue, kwa maana kuna mambo machache ambayo ningependa uyaandike.

Shule zinapofungwa, au wikendi inapoungana na sikukuu, familia nyingi za bara huteremka pwani. Tangu treni ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Nairobi na Mombasa mwaka 2017, mtu anaweza kuondoka Nairobi Ijumaa asubuhi na jioni akawa amekaa mchangani. Wengine hulala hotelini, wengine hufikia kwa jamaa. Siku hizi wengi hubeba mahema yao wakapiga kambi ufuoni kutoka Ijumaa hadi Jumapili, kule Tiwi, Diani, Kilifi au Watamu. Utakuta majirani wamechanga, au chama cha akina mama, au vijana wa kanisa pamoja na watoto wao.

Hilo ni jambo jema. Mtoto anahitaji kucheza, na mama anahitaji kupumzika. Sikuja hapa kukutisha uiahirishe safari yako. Nimekuja kukusaidia urudi nyumbani na watoto wote uliotoka nao, wakiwa wazima.

Ukimuuliza mzazi anaogopa nini anapolala nje, atakuambia nyoka, wezi, au papa. Mambo hayo yapo, lakini mara nyingi siyo yanayoondoa uhai wa mtoto kambini. Leo nataka tuzungumzie hatari tatu zisizopiga hodi. Ya kwanza ni maji. Ya pili ni hewa ya jiko la makaa ndani ya hema. Ya tatu ni mbu. Zote tatu zina tabia moja: zinapomfikia mtoto, mtoto halii wala haiti. Kwa hivyo huwezi kuzingoja zikuite. Ni lazima uzipangie kabla hazijafika.

Tuanze na maji.

Wengi wetu tunadhani kwamba mtu anayezama hupiga kelele na kupunga mikono. Sivyo, mpenzi msikilizaji. Mtoto anayezama huwa kimya. Mdomo wake huingia majini na kutoka, na ukitoka anapata nafasi ya kuvuta pumzi tu, hana nafasi ya kuita. Mikono yake haipungi. Inasukuma maji chini ili kichwa kisizame. Ukimtazama ukiwa ufuoni utafikiri anacheza. Halafu anatoweka. Yote hayo hutokea kwa muda mfupi sana, muda ambao wewe umeinama kugeuza chapati au kujibu ujumbe kwenye simu.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021. Mmoja kati ya kila wanne alikuwa mtoto wa chini ya miaka 5. Ndiyo maana Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka iwe siku ya kukumbusha watu jinsi ya kuzuia vifo vya majini.

Sasa tuchukue mfano. Familia tatu zimeungana, watu wazima saba na watoto tisa. Ni saa tano asubuhi. Akina baba wanafunga turubai. Akina mama wanakatakata nyanya na vitunguu. Shangazi anapiga picha. Watoto wako majini. Ukiuliza ni nani anayewaangalia watoto, utajibiwa, "Sote tunawaangalia." Mama, jibu hilo ndilo la kuogopa. Pale kila mtu anapoangalia, kila mmoja humtegemea mwenzake, na mwishowe hakuna anayeangalia.

Nakupa njia rahisi isiyogharimu hata shilingi. Chagueni leso moja, ya rangi inayoonekana kwa mbali. Hiyo itakuwa leso ya zamu. Anayeivaa shingoni ndiye mlinzi wa watoto. Mlinzi hapiki, hashiki simu, hasomi, hanywi pombe, na haendi haja kabla ya kumkabidhi mwingine leso ile. Anasimama ukingoni mwa maji akiwa na filimbi. Zamu iwe ya dakika 30, kwa sababu macho huchoka na jua. Wakati wa kukabidhiana, mlinzi anayetoka awahesabu watoto kwa sauti: "Nakuachia watoto tisa, saba majini, wawili mchangani." Mlinzi anayeingia naye ahesabu. Wakitimia, ndipo leso ihamie shingo nyingine. Mwambie baba watoto kwamba naye ana zamu yake. Leso hii haichagui mwanamke wala mwanamume.

Watoto wa chini ya miaka 5 wanahitaji zaidi ya leso ya zamu. Hao wakiwa majini, mtu mzima awe karibu nao kiasi cha kuwashika kwa kunyoosha mkono. Watoto wakubwa wasiojua kuogelea wasipite maji ya kiunoni. Wala usidanganyike na tyubu. Ukienda ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta kule Mombasa, ambao wengi huuita Pirates, utaona tyubu za kukodi tele. Tyubu ni ya kuchezea, siyo ya kuokoa maisha. Upepo ukivuma kutoka nchi kavu, unaweza kuisukuma tyubu na mtoto aliye ndani yake hadi kilindini, na mtoto akiteleza akatoka hakuna cha kumshika. Kama mtaenda kwa mashua, kila mtoto avae jaketi la kuelea linalomtosha, na lifungwe vizuri, hata kama nahodha anasema ni karibu tu.

Jambo jingine ni kuijua bahari yenyewe. Watu wa bara wengi hawajui kwamba bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kila siku. Kutoka maji kupwa hadi kujaa ni muda wa saa sita hivi, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa karibu dakika 50. Kwa hivyo ukiyakuta maji yamepwa leo saa nne asubuhi, kesho yatakuwa yamepwa karibu saa tano. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa zaidi na kupwa zaidi. Watu wa pwani huita wakati huo bamvua.

Kwa nini nakuambia haya katika kipindi cha afya? Kwa sababu maji yakipwa, watoto hupenda kutembea juu ya miamba kutazama kaa na samaki wadogo, hadi mbali. Maji yanaporudi hayaji kwa mstari mmoja kama pazia. Hupitia kwanza kwenye mifereji na sehemu za chini, na mara nyingine huwa nyuma ya mtoto wakati mbele yake bado pakavu. Mtoto akigeuka anakuta kijito, na baada ya muda mfupi kijito kimekuwa maji ya kifua. Vilevile kuna mianya katika mwamba ambamo maji hutoka kwa nguvu kuelekea bahari kuu. Hata mtu mzima anayejua kuogelea hachukuliwi na mchezo pale.

Kwa hivyo, mara tu mnapofika, kabla hata ya kusimika hema, mtafute mvuvi au mwenyeji wa hapo, umsalimie vizuri, na umuulize maswali matatu. Maji yanajaa saa ngapi leo na kesho? Watoto waogelee wapi, na wasikanyage wapi? Zahanati au hospitali ya karibu iko wapi, na usiku mtu hufikaje? Wazee walisema maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mwenyeji ameyafika, muulize. Hema nalo lisimikwe juu ya ule mstari wa mwani mkavu, maana mstari ule unaonyesha maji yalikofika. Na lisiwe chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa.

Na wewe mama wa pwani unayenisikiliza, usiseme haya hayakuhusu. Wageni wako hawajui unayoyajua wewe. Wanapofika, waambie saa za maji kabla ya kuwaandalia chai. Watoto wako pia, hata kama wamekulia karibu na bahari, bado wanahitaji jicho la mtu mzima.

(Muziki mfupi)

Je, mtoto akizama utafanya nini? Hapa naomba uandike.

Kwanza, usijitose majini kama hujui kuogelea. Si mara moja watu wamemfuata mtoto wakazama wote. Rusha kitu kinachoelea. Jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko linaweza kumweka mtu juu ya maji. Lifunge kamba ndefu, na liwe ukingoni tangu asubuhi. Kamba, ubao, au leso mbili zilizofungwa pamoja pia zinaweza kumfikia aliye karibu.

Pili, akitolewa majini, mtazame kama anapumua. Usimning'inize kichwa chini, wala usimminye tumbo ili maji yatoke. Mambo hayo yanapoteza muda, na matapishi yanaweza kumwingia mapafuni. Anachohitaji ni hewa, kwani ubongo huanza kuharibika baada ya dakika chache tu bila hewa.

Tatu, kama hapumui, mlaze chali mahali pagumu. Rudisha kichwa chake nyuma kidogo na uinue kidevu. Bana pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako, na umpulizie pumzi 5 za polepole. Kila pumzi iwe ya kutosha kukuonyesha kifua kinainuka. Akiwa mtoto mchanga, funika mdomo na pua yake kwa pamoja, usivute kichwa nyuma sana, na umpulizie kidogo kidogo. Kisha, kama bado hajazinduka, bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa haraka, kama mara 2 kwa kila sekunde. Kifua kiingie ndani kwa thuluthi moja ya unene wake. Kwa mtoto mchanga tumia vidole gumba viwili, huku mikono yako ikizunguka kifua chake. Kwa mkubwa tumia kiganja. Baada ya 30, mpulizie pumzi 2, kisha rudia 30 tena. Usiache hadi aanze kupumua au wafike watu wenye ujuzi. Wakati huo mwenzako apige simu 999 au 112 na atafute gari.

Nne, akianza kupumua, mlaze kwa ubavu, mfunike apate joto, na mpeleke hospitali, hata kama anazungumza na anasema yuko sawa. Mtoto aliyezama anaweza kuanza kukohoa na kupumua kwa shida saa kadhaa baadaye.

Najua ni vigumu kuyashika haya kwa kusikia mara moja. Msalaba Mwekundu wa Kenya na St John hufundisha huduma ya kwanza. Kama kikundi chenu kinachanga pesa za safari, changeni pia za kumsomesha mmoja au wawili wenu. Ujuzi huo mtarudi nao nyumbani, nao utatumika hata kwenye mto na bwawa la kijijini. Na mkumbuke kwamba mtoto mdogo anaweza kufa maji ndani ya ndoo au beseni. Maji ya kina cha sentimita 5 yanatosha. Vyombo vya maji pale kambini vifunikwe au vimwagwe.

Sasa tugeukie hatari ya pili, hewa ya jiko.

Usiku wa pwani mara nyingine huwa na upepo na manyunyu, hasa miezi ya kusi. Mama ana mtoto mdogo, anaona ni heri aliingize jiko la makaa ndani ya hema lipashe joto, au amalizie kuchemsha uji mle ndani mvua isimnyeshee. Makaa yameshika vizuri, ni mekundu, hayatoi moshi. Anadhani hayana madhara.

Mama, makaa mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Hewa hiyo haionekani, haina harufu, wala haikereketi koo. Anayeivuta huumwa na kichwa, husikia kizunguzungu na kichefuchefu, kisha husinzia. Aliyelala tayari huendelea kulala, na asubuhi haamki. Hema ni dogo, na hujaa hewa hiyo upesi. Kufungua zipu kidogo hakutoshi.

Sheria ni moja: jiko, liwe la makaa, la gesi au la mafuta, halivuki mlango wa hema. Hata jiko lililozimwa lenye makaa ya moto lilale nje, mbali na hema, limwagiwe maji au lifunikwe na mchanga. Mchanga huo usikanyagwe, kwa sababu hubaki na moto kwa saa nyingi, na miguu ya watoto imeungua hivyo. Kukiwa na baridi, mvike mtoto soksi na sweta, umlaze katikati yenu. Mkiamka usiku wengi wenu mnaumwa na kichwa kwa pamoja na kulikuwa na jiko ndani, tokeni nje wote mara moja, na mwende hospitali.

(Muziki mfupi)

Hatari ya tatu ni mbu. Hii ndiyo inayowapata watu baada ya safari kwisha, wakati picha zimekwisha kutumwa kwa jamaa na mahema yamewekwa stoo.

Pwani yetu ina malaria mwaka mzima. Mtoto aliyekulia Nairobi, Nyeri au Nyandarua mwili wake haujazoea kupigana na malaria, kwa hivyo ugonjwa huo unaweza kumzidi kwa siku moja au mbili tu. Hata wewe uliyezaliwa Kilifi au Kwale ukahamia bara miaka mingi, ile kinga uliyokuwa nayo imepungua. Usiseme, "Mimi mbu wa kwetu hawanidhuru."

Mbu wa malaria huuma usiku, kuanzia magharibi hadi alfajiri. Zipu ya hema ifungwe kabla ya saa kumi na mbili jioni. Kagua wavu wa mlango na dirisha kabla ya safari. Ukiwa na tundu, lishone kwa sindano na uzi. Lakini zipu hufunguliwa usiku kucha na watoto wanaokwenda haja. Kwa hivyo beba neti iliyotiwa dawa kutoka nyumbani, ifunge kwa kamba ndani ya hema, na uichomeke chini ya godoro. Jioni mnapokaa nje, watoto wavae nguo za mikono mirefu na suruali. Kama mnatumia mafuta ya kufukuza mbu, soma kwanza maelezo yake ujue yanafaa watoto wa umri gani.

Kuna watu ambao wanatakiwa kwenda kliniki kabla ya safari wapewe ushauri. Hao ni mama mjamzito, na mtoto mwenye ugonjwa wa seli mundu. Malaria kwa mjamzito inaweza kuharibu mimba, kumpunguzia mama damu, na kumfanya mtoto azaliwe na uzito mdogo.

Sasa sikiliza kwa makini. Vimelea vya malaria havileti homa siku ileile mbu anapouma. Hukaa mwilini kwa siku 7 au zaidi. Mara nyingi homa huanza kati ya siku ya 10 na ya 15. Maana yake ni kwamba mtoto aliyeumwa na mbu Jumamosi ufuoni atakuwa mzima njiani, mzima wiki nzima ya kwanza shuleni, kisha wiki ya pili anapata homa, kichwa kinamuuma, anatapika. Wewe umekwisha kusahau bahari. Unadhani ni mafua au amekula kitu kibaya. Unampa dawa ya maumivu, homa inashuka kidogo, unangoja. Siku mbili zinapotea, na siku hizo mbili ndizo zingemwokoa.

Ndiyo maana nakuomba uandike tarehe ya safari kwenye kile kijitabu cha kliniki cha mama na mtoto, au ukutani karibu na kalenda. Mtoto akipata homa wakati wowote ndani ya miezi 3 baada ya kutoka pwani, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, na neno lako la kwanza kwa muuguzi liwe: "Tulikuwa pwani tarehe fulani." Usingoje uulizwe. Damu ya kidoleni itapimwa, na majibu hutoka kwa dakika chache. Akipatikana na malaria, atapewa dawa. Ammalizie zote hata akipata nafuu. Usinunue dawa ya malaria dukani bila kipimo.

Mombasa pia imewahi kupata mlipuko wa homa ya dengi, ukiwemo ule wa mwaka 2013. Mbu wa dengi huuma mchana. Kwa sababu hiyo, homa ya baada ya pwani itulizwe kwa paracetamol tu, kwa kipimo cha umri na uzito wa mtoto. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diclofenac, kwa kuwa zinaweza kuongeza hatari ya kutoka damu. Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, anayepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, huyo hangoji asubuhi. Mpeleke saa hiyohiyo.

Kabla sijamaliza, nitataja kwa ufupi mambo manne madogo ambayo pia yanaweza kuharibu safari.

La kwanza ni maji ya kunywa. Yachemshe au yatie dawa ya maji, na watoto wanawe kwa sabuni kabla ya kula. Mtoto akiendesha, mpe ORS baada ya kila choo, na umwanzishie zinki kama ulivyoshauriwa na kliniki. Usipokuwa na pakiti, changanya vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kufuta juu, katika lita moja ya maji safi. Maji ya dafu ni kinywaji kizuri, lakini chumvi yake haitoshi, kwa hivyo hayashiki nafasi ya ORS. Ukiona macho yameingia ndani, utosi umebonyea, au mkojo umepotea, nenda hospitali.

La pili ni jua. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua la pwani ni kali hata kukiwa na mawingu. Watoto wavae kofia na fulana hata majini, na wapumzike kivulini. Mtoto wa chini ya miezi 6 akae kivulini kabisa. Huyo asipewe maji hata kukiwa na joto namna gani. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, maziwa yako yana maji ya kutosha.

La tatu ni miiba na sumu. Kila mtoto avae viatu vya mpira anapotembea kwenye mwamba, kwani kuna wale wanyama weusi wa mviringo wenye miiba mirefu kama nungu. Akichomwa na miiba hiyo, au na samaki mwenye sumu, tia mguu katika maji ya moto ambayo wewe mwenyewe umeyajaribu kwa mkono na ukayavumilia, kwa dakika 30 au zaidi, kisha aonwe na daktari. Akiguswa na konyeza, yule mnyama laini kama jeli, msuuze kwa maji ya bahari, siyo maji baridi ya kunywa. Usimsugue na mchanga wala kummwagia mkojo. Akivimba uso au kupumua kwa shida, mkimbize hospitali.

La nne ni makombe. Watoto wasiokote kombe lenye mnyama ndani. Kuna aina yenye umbo la pia na marembo ya kupendeza ambayo mnyama wake huchoma kwa sumu inayoweza kuua.

Mpenzi msikilizaji, tumefika mwisho wa kipindi. Hebu turudie pamoja. Majini, leso ya zamu iwe shingoni mwa mtu mmoja, na watoto wahesabiwe. Jiko halivuki mlango wa hema. Neti ya dawa isafiri nanyi, na tarehe ya safari iandikwe, ili homa ikija baada ya wiki mbili isikukute umesahau.

Husemwa kwamba ajali haina kinga. Sisi wauguzi tunasema kinga ipo, na nyingi kati ya hizi nilizotaja leo unazo tayari nyumbani: leso, jerikeni, kamba, neti, sindano na uzi. Zitie kwenye mkoba kabla ya kutia chakula.

Mwambie na jirani yako ambaye hakusikiliza leo. Kama una swali, mwendee muuguzi wa zahanati iliyo karibu nawe au mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu. Nakutakia safari njema, na watoto wako wote warudi salama. Kwaheri hadi wiki ijayo.